Kutoka Kusadikika hadi Mzingile: Nchi za Kubuni za Kale na za Sasa katika Riwaya ya Kiswahili

Nia ya makala haya ni kulinganisha nchi za kubuni zilizomo katika riwaya ya Kiswahili ya nyakati mbili: zile alizoziumba Shaaban Robert kabla ya Uhuru, na zile zilizotokea tangu 1990, ambazo Euphrase Kezilahabi ndiye aliyezifungulia mlango. Kwa maneno "nchi ya kubuni" nakusudia mahali pasipopatikana katika ramani yoyote, lakini ambapo hata hivyo pana watu, njia na sheria. Vitabu hivi vimekwisha andikiwa mengi, kimoja kimoja. Na Said A. M. Khamis, ambaye wasomaji wa riwaya humjua zaidi kwa jina la Said Ahmed Mohamed, alieleza mwaka 2005 dalili za mabadiliko katika riwaya ya Kiswahili kwa jumla. Mimi ni mtu wa sarufi, na sitaki kuingia katika shamba la wahakiki kwa jembe la kuazima. Nitaanza na majina ya nchi zenyewe, kwa kuwa naamini kwamba majina hayo yamesomwa kwa haraka mno, na kwamba haraka hiyo imewaharibia wanafunzi wetu vitabu vya nyakati zote mbili.

Swali lenyewe lilinijia upya Gairo, nilikokwenda likizo. Gairo, ambayo tangu 2012 ni wilaya peke yake na kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Kilosa, imekaa kando ya barabara itokayo Morogoro kwenda Dodoma, na milima ya Ukaguru inaonekana kutoka uani kwetu. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha tano, alikuja kuniamkia, na baada ya "shikamoo mjomba" hakusubiri hata chai. Alikuwa na malalamiko. Yeye na wenziwe hucheza mchezo wa kompyuta uitwao Heroes of Might and Magic. Mchezo wa kwanza wa ukoo huo ulitolewa Marekani mwaka 1986, na ulimwengu wake wa kale ulikuwa na siri moja: chini ya uchawi na ngome zake mlikuwa na mashine, kwa sababu nchi zake ziliwekwa na watu wa kale waliosafiri baina ya nyota. Katika toleo la 2002 ulimwengu huo ukateketezwa. Mwaka uliofuata kampuni iliyoumiliki ikafilisika, jina likauzwa kwa kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft, na mwaka 2006 ukaja ulimwengu mwingine, Ashan, ulioumbwa na majoka, usio na habari hata moja ya ule wa kwanza. "Mjomba," akaniuliza, "nchi ikiisha kubuniwa na watu wakaizoea, ni nani mwenye haki ya kuitupa?"

Nilimjibu kwamba huko kwao nchi ni mali, na mali huuzwa. Lakini jibu hilo halikunitosha mwenyewe, maana mara hiyo nilikumbuka kwamba sisi pia tulikuwa na nchi tuliyoizoea, iliyoitwa Kusadikika. Hapana kampuni iliyoinunua wala iliyofilisika, na bado kwa muda wa miaka ishirini hivi waandishi wetu hawakuingia tena katika nchi za namna ile. Waliporudi walikuta, au walileta, ulimwengu ambao msomaji wa Kusadikika hakuutambua. Je, ni ulimwengu mwingine kabisa, kama Ashan, au ni ule ule uliobomoka na kujengwa upya kwa mawe yake yenyewe?

Kabla ya kujibu yafaa tutazame kidogo chini ya milima ile, kwa kuwa nchi za kubuni hazikuanza kwa kitabu. Kikaguru kilipata sarufi yake ya kwanza iliyochapwa mwaka 1886, kazi ya J. T. Last, mmisionari aliyekaa Mamboya. Ngano za Wakaguru zilikusanywa na kuchapishwa kwa wingi zaidi na T. O. Beidelman, Mmarekani aliyefika Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1961 aliandika makala mashuhuri juu ya Fisi na Sungura. Hoja yake ilikuwa kwamba wanyama hawa wawili si wanyama tu wa kuchekesha watoto: Fisi ni mjomba na Sungura ni mpwa, na katika ukoo unaohesabiwa kwa upande wa mama, kama ulivyo wa Wakaguru, hapana uhusiano wenye mapenzi na mashaka mengi zaidi ya huo. (Nami, kwa kuwa ni mjomba, mpwa wangu hukumbuka kunipa nafasi yangu katika ngano hizo kila ninapochelewa kumnunulia viatu.) Jambo ninalotaka msomaji alishike ni hili: nchi ya Fisi na Sungura hufanana kidogo sana na Gairo kwa sura, lakini inafuata sheria za Gairo. Wanyama husema, na hakuna mtoto anayestaajabu; lakini msimulizi akisahau kwamba mjomba ana madai juu ya mpwa, hata mtoto atamkatiza. Ngano husadikiwa kwa sheria yake zaidi kuliko kwa sura yake.

Kanuni ya pili imo katika neno la kufungulia. Msimulizi wa pwani husema "Paukwa," na wasikilizaji huitikia "Pakawa." Sina haja ya kuamua hapa asili ya maneno hayo, ambayo wataalamu wameyapasua kwa njia mbalimbali, natazama tu kile kilichobaki wazi kwa sikio la kila msemaji, yaani *pa-* ya mahali. Kadhalika katika "hapo zamani za kale palikuwa na mtu": kitenzi hakipatani na mtu, kinapatana na mahali. Kwanza huwekwa pahali, kisha watu huingizwa ndani yake. Tena pahali hapo hapawekwi na msimulizi peke yake. Asipojibiwa, hana hadithi.

Sasa tuje kwa Shaaban Robert. *Kusadikika* ilitoka mwaka 1951, na jina lake ni kitenzi. Shina ni *sadiki*, lenye asili ya Kiarabu, nalo limepewa kiambishi cha kauli ya kutendeka, ambacho huonekana katika maumbo ya -k-, -ik-, -ek- na mengineyo. Kauli hii, kama ijulikanavyo, ina kazi mbili. Huweza kuonyesha hali iliyokwisha tokea, kama "kikombe kimevunjika", na huweza kuonyesha uwezekano, kama "njia hii yapitika" au "chakula hiki chalika." Katika kazi zote mbili ina tabia moja ambayo haina budi kutajwa: haimkubali mtenda. Twasema "kikombe kimevunjwa na mtoto," lakini hatusemi "kikombe kimevunjika na mtoto." Kauli ya kutendwa huacha mlango wazi ili mtenda aingie baadaye kwa "na", kauli ya kutendeka huufunga.

Basi tujiulize: kusadikika, na nani? Sarufi yenyewe yatukataza kuuliza. Lau mwandishi angaliiita nchi yake Kusadikiwa, tungalisubiri tuambiwe wasadiki ni akina nani. Alichagua umbo ambalo ndani yake nafasi ya msadiki ni tupu, na nafasi hiyo tupu ndiyo akaaye msomaji, kama mwitikiaji wa "Pakawa." Kufikirika, nchi yake ya pili ya jina la namna hii, imejengwa vivyo hivyo juu ya *fikiri*. Na herufi kubwa moja mwanzoni hufanya kazi ya ajabu katika upatanisho. Kitenzi-jina hupatana kwa *ku-*: kusadikika kwa habari hii ni kugumu. Lakini mara tu kinapogeuka kuwa nchi hupatana kama nchi: Kusadikika ilikuwa na mfalme. Kitendo kimekuwa mahali. Sijui lugha nyingi ambazo zingeweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo namna hii.

Lakini maajabu ya jina hayaishii katika umbo. Hebu tukumbuke kisa chenyewe. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme na Majivuno, ambaye ni waziri, kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliopata kutumwa nje: wanne kwa pande nne za dunia, mmoja juu mbinguni, mmoja chini ardhini. Kila mmoja alipata taabu, aliona mambo ya manufaa, alirudi, akatoa habari zake. Na kila mmoja aliishia kifungoni. Yaani katika nchi ambayo jina lake ni uwezekano wa kuaminiwa, mashahidi wake sita hawakuaminiwa hata mmoja. Ndiyo maana kesi ya Karama haina shahidi mwingine ila hadithi zile zile zilizokwisha kataliwa. Anazisimulia upya, mbele ya watu wale wale, na safari hii zinasikika. Yeye anaachiliwa na wafungwa wanafunguliwa. Mambo ya ajabu yaliyomo katika kitabu hiki ni machache mno kuliko watu wadhanivyo. Kilichomo kwa wingi ni swali la ushahidi: nini humfanya msikilizaji mmoja akatae habari na mwingine aikubali?

Nimekaa juu ya jambo hili kwa sababu nalijua kwa maumivu. Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, katika shule ambayo sitaitaja, tulifundishwa *Kusadikika* kwa njia ya ufunguo. Ubaoni palichorwa safu mbili. Kushoto majina ya kitabuni, kulia maana zake: Kusadikika ni Tanganyika, Majivuno ni mtawala wa kikoloni, Karama ni mwananchi mwenye kudai haki. Niliuliza kwa nini, kama nchi ile ni Tanganyika, ina mjumbe aliyetumwa chini ardhini. Nilipewa alama sifuri katika zoezi lile na kuambiwa kwamba ninapenda mabishano. Sisemi kwamba safu zile mbili zilikuwa za uongo. Kitabu kilichapishwa wakati Waingereza wakitawala, na mtu aliyeandika juu ya kunyimwa haki mahakamani alijua aliandikalo. Kosa la safu zile ni kwamba humaliza kitabu. Mtu akiisha kuambiwa Kusadikika ni Tanganyika ya 1951, hana sababu ya kuingia tena. Tanganyika ya 1951 imekwisha. Lakini kauli ya kutendeka haina tarehe.

Ama nchi nyingine za mwandishi huyu zaweza kuelezwa kwa ufupi. Kufikirika, kilichotoka baada ya kifo chake cha 1962, ni kitabu cha mfalme asiye na mrithi na waganga wengi. Kina ramani iliyo wazi zaidi ya zote, maana nchi imetajiwa mipaka yake, na majirani wake wana majina ya namna ile ile ya tabia na hali. *Adili na Nduguze* cha 1952 kimesimama karibu sana na kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, kile cha Abdullah bin Fadhil na ndugu zake, nacho kimewapa watu wa kisa hicho majina ya maadili: Adili, Hasidi, Mwivu. Mfalme wake, Rai, anatawala Ughaibu. Jina hili lina historia ya kuchekesha kidogo. Maana yake ni hali ya kutokuwapo. Likitiwa *-ni* ya mahali hupatikana ughaibuni, na leo neno hilo hutumika kila siku kwa ndugu zetu wanaoishi Muscat, London au Toronto. Redio ikisema "Watanzania waishio ughaibuni," hapana msikilizaji anayewaza mfalme Rai. Hata hivyo neno ni moja: mahali pa wasiokuwapo.

Shaaban Robert mwenyewe ndiye aliyeanza kuondoka katika nchi hizi. *Siku ya Watenzi Wote*, kilichochapishwa 1968, kimewekwa Dar es Salaam, mji wenye mitaa na anwani. Baada yake riwaya ilikaa ardhini. Kezilahabi alipoanza, kwa *Rosa Mistika* mwaka 1971, alianza Ukerewe, kisiwa alichozaliwa, na hata *Gamba la Nyoka* cha 1979 ni kitabu cha vijiji halisi na siasa halisi ya Ujamaa. Sababu ya ukimya wa nchi za kubuni katika miaka hiyo hutajwa kwa kawaida kuwa ni uhalisia, yaani mtindo uliotoka nje ukapendwa. Nadhani hilo ni jibu la juujuu. Tangu Azimio la Arusha la 1967 palikuwa na nchi nyingine ya kubuni iliyokuwa ikisimuliwa kila siku katika mikutano, magazeti na redio: nchi isiyo na unyonyaji, iliyokuwa haijapo lakini iliyokuwa ikijengwa. Watu walitakiwa kuiitikia, na wengi waliitikia kwa moyo. Mwandishi angefanya nini na Kusadikika wakati serikali yenyewe inasema "Paukwa"? Kazi iliyombakia ilikuwa kutazama kijiji kilivyo na kupima tofauti.

Nagona ilitoka 1990, Mzingile 1991. Mwalimu Nyerere alikuwa ameacha urais mwaka 1985, na 1991 ndio mwaka wa Azimio la Zanzibar, lililolegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha. Sipendi kufunga vitabu kwa kalenda, maana nimekwisha lalamika juu ya safu mbili za ubaoni. Lakini hakika ni kwamba nchi ya kubuni ilirudi katika riwaya wakati ile ya jukwaani ilipoanza kukosa waitikiaji.

Tuyatazame majina. *Nagona* si neno ambalo msemaji wa kawaida wa Kiswahili anaweza kulipasua. Halina shina analolijua, halina kauli, halimpi ufunguo. Mwanafunzi aliyezoea safu mbili hufika na ufunguo mkononi na kukuta mlango usio na tundu. *Mzingile* lina maana, lakini ni maana ya kupoteza: ni njia zizungukazo na kumrudisha mtu alikotoka, na katika matumizi ya zamani, kwa umbo la mzingile mwambiji, ni jina la fumbo au mchezo wa njia za namna hiyo. Nilijaribiwa hapa na wazo zuri mno, nami nalieleza ili lisimjaribu mwingine. Ngano huanza kwa *pa-*, Shaaban Robert kwa *ku-*, Kezilahabi kwa *m-*. Na hizo ndizo ngeli zetu tatu za mahali, kutoka pahali dhahiri hadi kusiko dhahiri hadi ndani. Ni mpango wa kupendeza, na ni wa uongo. *Ku-* ya Kusadikika ni ya kitenzi-jina, si ya mahali, ingawa sura zao zimefanana. Na *m-* ya mzingile ni ya ngeli ya mti na mito. Sarufi haina wajibu wa kutupendeza.

Tofauti ya kweli imo katika nafsi. Nchi za Shaaban Robert husimuliwa kutoka nje, na mtu asiyepotea. Zina kaskazini na kusini, juu na chini, mahakama na kiti cha enzi. Msomaji huketi kama baraza na kusikiliza. Nagona husimuliwa kwa *ni-*. Msimulizi asiye na jina yumo njiani, na hajui zaidi ya mguu wake. Atakutana na wenye fikra wakubwa wa kale na wa karne zilizopita, wakiongea kana kwamba wako kijiweni. Atasikia habari za Ngoma Kuu. Wakati haumwendei mbele kwa mstari. Hapana wa kumwambia mipaka ya nchi. Msomaji hana kiti cha baraza, naye anatembea nyuma ya mtu aliyepotea. Hiyo ndiyo sababu ya manung'uniko tunayoyasikia kila mwaka, kwamba vitabu hivi viwili "havieleweki." Ni kweli kwamba ni vigumu, na kuna kurasa za Nagona ambazo kwangu mimi zimebeba majina mengi ya wanafalsafa kuliko njia inavyoweza kustahimili. Lakini ugumu mwingi hutokana na msomaji kutafuta kiti ambacho hakijawekwa.

Hapo ndipo wengi wanaposema: basi ni ulimwengu mwingine, umetoka ng'ambo. Niliambiwa hivyo na mwalimu mmoja huko nilikosomea shahada ya udaktari. Alisoma muhtasari wangu wa kurasa mbili na kusema kwamba waandishi wetu wamewaiga wa Amerika ya Kusini. Alikuwa mtu mwema, lakini hakujua Kiswahili. Mtu anayekijua ataona mara moja kitu kilichovuka kutoka ulimwengu wa kale hadi mpya, nacho ni mjumbe. Katika Mzingile msimulizi ana ujumbe wa kupeleka: anamwendea mzee aliye mbali kumpa habari ya kifo cha mwanawe. Ni mjumbe wa saba wa Kusadikika. Wale sita walikwenda, wakaona, wakarudi, wakafungwa kwa kuwa wenyeji hawakutaka kusadiki. Huyu wa saba anakwenda na habari kwa mtu ambaye labda hana haja nayo tena, na nyuma yake dunia inateketea, hata haijulikani atarudi kwa nani. Swali la ushahidi ni lile lile. Zamani lilikuwa: je, baraza litamwamini mjumbe? Sasa ni: je, baraza bado lipo? Tena kitabu hiki kimeanzishwa kwa habari za mzee Kakulu, zilizosimuliwa kwa mwendo wa ngano ya mdomo, mwendo ambao mtoto yeyote wa Ukerewe au Ukaguru angeutambua.

Wala hoja ya ng'ambo haisimami hata kwa ulimwengu wa kale. Safari za Gulliver zilikuwa zimekwisha tafsiriwa kwa Kiswahili kabla ya Kusadikika kuandikwa, na Alfu Lela Ulela ilikuwa ikisimuliwa pwani kabla ya kuchapwa. Shaaban Robert, aliyekuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, aliijua vizuri hazina hiyo na aliitumia bila haya. Kama kuazima ni kosa, tuanze kumshtaki yeye.

Kati ya waliofuata ninamtaja kwanza Katama Mkangi wa Kenya, kwa kuwa jina alilobuni lafaa kuwekwa kando ya Kusadikika na kufundishwa katika somo moja. *Walenisi* kilitoka 1995. Mtu wake, Dzombo, amehukumiwa nyumbani kwake, na hukumu ni kurushwa angani ndani ya chombo; chombo kinamfikisha Walenisi, nchi ambako watu wanaishi kwa usawa. Anga imerudi, na kesi imerudi. Lakini jina si kitenzi tena; ni sentensi nzima: wale ni sisi. Mkangi amechukua kionyeshi cha mbali kabisa, *wale*, na nafsi ya karibu kabisa, *sisi*, akaviunganisha kwa *ni*, kisha akameza silabi moja ya mwisho ili sentensi ipite kama jina. Mahali pale ambapo Shaaban Robert aliacha nafasi tupu ya msadiki, Mkangi ameiandika nafsi yenyewe. Kwa mtazamo wangu jina la kale ni la busara zaidi, kwa kuwa linangoja. Jina jipya ni la mtu asiyeweza kungoja. Nakiri pia kwamba darasani jina la Mkangi hufanya kazi haraka zaidi. Nimeona wanafunzi wakilirudia kwa sauti, polepole, mpaka likapasuka mdomoni mwao.

K. W. Wamitila, katika *Bina-Adamu!* cha 2002 na *Musaleo!* cha 2004, ameendeleza upasuaji huo kwa kistari na kwa kuunganisha: Musa na leo wamekuwa mtu mmoja. Said Ahmed Mohamed katika *Babu Alipofufuka* cha 2001 amefanya jambo lingine: hakubuni nchi, amemfufua babu ili amtembeze mjukuu katika nchi iliyopo, na nchi iliyopo ikaonekana ya kubuni. *Ziraili na Zirani* cha William Mkufya, cha 1999, kinastahili makala yake peke yake, kwa kuwa kimeenda mbinguni na motoni, na huko sheria ni nyingine.

Nikirudi kwa mpwa wangu: ulimwengu wake wa kale na ule mpya havina neno hata moja linalovuka, ndiyo maana analalamika, na nadhani ana haki. Wetu una mjumbe, una anga, una kesi, una sauti ya ngano. Kilichoondolewa ni kiti cha baraza. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha Mzingile kabla ya Kusadikika humnyima mwanafunzi habari kwamba kiti hicho kiliwahi kuwapo. Na anayefundisha Kusadikika kwa safu mbili humkalisha juu yake kabla hajasikia shahidi hata mmoja.

Jioni moja ya likizo ile nilimsomea mama yangu mkubwa habari za wajumbe wa Kusadikika, nikitia Kikaguru pale Kiswahili cha Shaaban Robert kilipompita. Hakuuliza nchi ile ni ipi, wala waziri yule ni nani katika historia. Alisikiliza mpaka mjumbe wa tatu alipofungwa, akanizuia kwa mkono. "Na hawa wanaofungwa," akasema, "wajomba zao wako wapi?" Mpwa wangu akacheka. Nilipotaka kumweleza kwamba huenda nchi ile haihesabu ukoo kama sisi, akanikataza. Akaongeza kuni, akasema nisome wa nne.